Pampu Moja, Ripoti Nne

Ripoti nyingi za kazini huandikwa ili tu zionekane zimeandikwa. Siku ya kuwasilisha inakaribia, mtu anafungua ripoti ya robo iliyopita, anabadilisha tarehe, anarekebisha takwimu mbili tatu, anaongeza aya ya changamoto, anapeleka. Anayeipokea anatazama jalada, anagonga muhuri wa kupokelewa, inakwenda masjala. Hakuna aliyedanganya, lakini pia hakuna aliyejua jambo jipya wala kuamua chochote. Kazi iliyofanywa kwa jasho kijijini, kiwandani au wodini inabaki haijulikani kwa yule mwenye uwezo wa kuisaidia, na hilo linaniuma kuliko makosa yote ya sarufi.

Nazungumza na wewe unayeziandika: afisa maendeleo, muuguzi kiongozi, mratibu wa mradi, msimamizi wa ghala, karani wa fedha. Kabla ya sentensi ya kwanza, chukua karatasi ya pembeni ujibu maswali mawili. Nani hasa ataisoma ripoti hii? Na akishaisoma, anatakiwa aamue nini au afanye nini? Ukikosa jibu la swali la pili, rudi kwa aliyekuagiza umuulize. Huo si utovu wa adabu. Mkuu wa idara anayesema "niandikie ripoti ya ile safari" mara nyingi hata yeye hajafikiri anaitaka ya nini. Ukimuuliza, "Mzee, hii inakwenda kwenye kikao au ni ya kuambatisha kwenye marejesho ya masurufu?" atakujibu kwa neno moja, nawe utakuwa umejiokolea siku nzima.

Tuchukue mfano mmoja tukae nao. Tuseme unasimamia miradi ya maji vijijini. Kijiji kimoja kina kisima kirefu kilichojengwa kwa fedha za mfadhili, kinaendeshwa na jumuiya ya watumia maji. Jumanne tarehe 11 Machi 2025 pampu inaacha kufanya kazi. Unakwenda, unakagua. Mota imeungua. Fundi umeme anakuambia umeme ulikuwa ukicheza tangu Jumapili. Ndani ya boksi la umeme, kifaa cha kulinda mota, kile kinachokata umeme fezi moja ikipotea, hakipo, ingawa kimeandikwa kwenye orodha ya makabidhiano ya mradi. Kuisuka mota upya ni shilingi 2,600,000. Pampu mpya ni 8,400,000. Akaunti ya jumuiya ina 3,100,000. Kaya 640 zinachota maji mtoni.

Mambo hayo machache yanadai ripoti nne, na kosa linalofanyika kila siku ni kuandika moja ndefu na kuisambaza kwa wote.

Anza na bosi wako wa wilaya, kwa kuwa yeye ndiye anayeshika kalamu ya kuidhinisha. Ripoti ya kawaida ingemwanzia hivi: kijiji hiki ni miongoni mwa vijiji vya wilaya yetu, kina wakazi kadha wa kadha wanaojishughulisha na kilimo na ufugaji, mradi ulianzishwa mwaka fulani kwa lengo la kuwapatia wananchi huduma ya maji safi na salama. Yote hayo anayajua. Huenda hata siku ya uzinduzi alikuwepo. Anafika ukurasa wa tatu bado hajaambiwa anatakiwa afanye nini, simu inaita, ripoti inawekwa kando. Mwandikie hivi:

"Pampu ya kisima cha kijiji iliungua Jumanne tarehe 11 Machi 2025, na kaya 640 sasa zinachota maji mtoni. Naomba idhini ya kusuka mota upya kwa shilingi 2,600,000 kutoka akaunti ya jumuiya ya watumia maji, na shilingi 450,000 kutoka ofisi ya wilaya za kununua kifaa cha kulinda mota. Bila kifaa hicho mota inaweza kuungua tena umeme ukicheza. Fundi anahitaji siku 4 baada ya kulipwa malipo ya awali. Kifaa cha mwanzo hakikukutwa kwenye boksi. Taarifa ya jambo hilo naiwasilisha peke yake."

Hapo kuna tukio, athari, ombi, gharama, chanzo cha fedha, sababu na muda. Akiishia hapo anaweza kuamua. Yanayofuata, kwa mfano kwa nini umependekeza kusuka badala ya kununua pampu mpya, ni kwa ajili ya swali atakalouliza. Bei za mafundi, picha na nakala ya taarifa ya benki ziende kwenye viambatisho.

Najua linalotufanya tuzunguke. Tumelelewa kwamba mtu mzima haingiwi na shida mlangoni. Kwanza salamu, habari za nyumbani, kisha ndipo neno lililokuleta. Katika mazungumzo huo ni uungwana na usiuache. Lakini kwenye karatasi heshima kwa mkubwa ni kuutunza muda wake. Barua za ofisini zimeshatupa mahali pa kuanzia: ule mstari wa "Yah:" juu ya barua, ambao wenzetu wa Kenya huuandika "KUH:" au "MINT:". Tunaupoteza kwa kuandika "Yah: Ripoti ya safari". Andika "Yah: Ombi la idhini ya kutengeneza pampu iliyoungua". Hata anayepita masjala akiona jalada atajua ndani mna nini na kuna haraka gani.

Ushauri huu si mpya. Tarehe 9 Agosti 1940, ndege za Ujerumani zikiwa zinaishambulia Uingereza, Winston Churchill alikaa chini akawaandikia watumishi wa serikali yake waraka mfupi kuhusu ripoti. Aliwataka waweke hoja kuu katika aya fupi, uchambuzi mrefu na takwimu waupeleke kwenye kiambatisho, na akasema kuwa mara nyingi vichwa vya hoja peke yake vinatosha, mengine yakaelezwa kwa mdomo. Waziri mkuu mwenye vita mlangoni aliona jambo hilo linastahili waraka. Kurasa ndefu zilikuwa zinakula saa za kupambana.

Msomaji wa pili ni mfadhili. Huyu hajafika kijijini, na huenda hatafika. Anachoamua ni kama fedha zilizotolewa zinafanya kazi iliyokubaliwa, na kama awamu inayofuata itolewe. Kwa hiyo ule utangulizi uliomnyima bosi wako, huyu mpe, lakini kwa kipimo: aya moja inayomkumbusha mradi, idadi ya kaya zilizolengwa na zinazohudumiwa, kisha moja kwa moja kwenye tukio. Mwambie tukio limegusa nini katika malengo mliyowekeana, mnalirekebishaje, na mmebadilisha nini ili lisijirudie kwenye visima vingine. Hilo la mwisho ndilo analolitafuta kuliko yote. Pampu kuungua ni jambo la kawaida duniani kote. Mradi usiojifunza kutokana na pampu iliyoungua ndio unaomtia mtu wasiwasi.

Usimfiche habari mbaya hadi ripoti ya mwisho wa mwaka. Wengi huogopa kwamba fedha zitakatwa. Lakini mfadhili akisikia kwa mtu wa pembeni kwamba kisima kimelala wiki tatu na ripoti yako inasema "utekelezaji unaendelea vizuri", hatakuamini tena hata pale unaposema kweli. Barua pepe fupi ndani ya wiki ya tukio, kisha maelezo kamili kwenye ripoti ya robo.

Na hiyo robo yenyewe iangalie. Mwaka wa fedha wa Serikali ya Tanzania huanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni. Wa serikali kuu ya Marekani huanza 1 Oktoba. Mashirika mengi hufuata kalenda, Januari hadi Desemba. Kwa hiyo "robo ya pili" kwa mhasibu wa halmashauri ni Oktoba hadi Desemba, kwa shirika la kalenda ni Aprili hadi Juni, na kwa Mmarekani ni Januari hadi Machi. Andika majina ya miezi na mwaka, hutakosea kwa yeyote. Fedha nazo hivyo hivyo: ukigeuza shilingi kuwa dola au yuro, taja kiwango ulichotumia na tarehe yake. Tarehe zenyewe usiziandike kwa namba tupu. 03/04/2025 kwetu ni Aprili, kwa Mmarekani ni Machi.

Msomaji wa tatu ndiye anayesahaulika, naye ndiye mwenye kisima. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu, na hapo wananchi husomewa taarifa ya mapato na matumizi. Nimekaa kwenye mikutano ambapo mtendaji anasoma ripoti ile ile iliyokwenda wilayani, yenye bango kitita la safu saba, huku akina mama wanatazama jua na vijana wanaondoka mmoja mmoja. Kisha watu wanasema wananchi hawana mwamko. Ripoti ya kusomwa kwa sauti ni kitu kingine kabisa. Msikilizaji hawezi kurudi ukurasa wa nyuma. Sentensi iwe fupi, tarakimu ziwe chache, na kila tarakimu itamkwe kama watu wanavyohesabu pesa sokoni. Anza na maswali waliyokuja nayo: maji yanarudi lini, na pesa yetu iko wapi?

"Ndugu mwenyekiti, ndugu wananchi. Maji yatarudi siku nne baada ya fundi kulipwa, na malipo tunayatarajia Ijumaa. Mota imeungua, inasukwa upya. Gharama ni shilingi milioni mbili na laki sita. Pesa hiyo inatoka kwenye mfuko wenu wa maji. Mfuko ulikuwa na milioni tatu na laki moja. Utabaki na laki tano. Kifaa cha kuilinda mota hakikukutwa kwenye boksi. Jambo hilo limeandikiwa taarifa, na majibu yake mtasomewa hapa hapa mkutano ujao."

Ukimaliza kusoma, bandika karatasi moja yenye tarakimu hizo kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Atakayetaka kuhakiki atahakiki. Jambo kubwa linaweza kusemwa kwa wasomaji tofauti bila kupotoshwa, na hata Wizara ya Fedha inafanya hivyo: kuna hotuba ya bajeti kwa wabunge, kuna vitabu vinene vya makadirio kwa wanaohitaji kila kifungu, na kuna Toleo la Wananchi, kijitabu chembamba cha lugha nyepesi. Bajeti ni ile ile.

Ripoti ya nne ndiyo ngumu, nami nitakaa nayo zaidi. Kuna kifaa kilichoandikwa kimepokelewa, na hakipo. Hii inakwenda kwenye faili ambalo siku moja mkaguzi atalifungua, labda wewe ukiwa umeshahamishwa. Andika ukijua kwamba atakayesoma hakujui, hana nia mbaya nawe wala njema, na hatapata nafasi ya kukuuliza ulikuwa na maana gani.

Wakaguzi wana mpangilio wao wa hoja na ni mpangilio mzuri, uazime. Kwanza hali iliyokutwa. Pili kilichotakiwa kuwepo, kwa mujibu wa waraka gani. Tatu chanzo cha tofauti hiyo, kama kinajulikana. Nne athari yake. Tano pendekezo. Ndivyo zilivyo hoja za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye kwa Ibara ya 143 ya Katiba ya Tanzania humkabidhi Rais ripoti yake, nayo ikafikishwa Bungeni. Ukizisoma ripoti zake utaona kwamba hoja zinazouma haziandikwi kwa maneno makali. Zinataja kiasi, tarehe, namba ya hati na kanuni iliyovunjwa, na kando yake jibu la menejimenti. Ukali wote uko kwenye ushahidi.

Kwa kifaa chetu, andika: "Tarehe 12 Machi 2025, saa 5:20 asubuhi, nilifungua boksi la umeme la kisima nikiwa na katibu wa jumuiya na fundi umeme. Kifaa cha kulinda mota hakikuwemo. Mahali pa kukifunga palikuwa na matundu manne ya skrubu yasiyo na skrubu. Orodha ya makabidhiano ya mradi, mstari wa 14, inaonyesha kifaa kimoja kilipokelewa. Katibu alisema hajawahi kukiona. Fundi alisema alikuta boksi likiwa hivyo alipoanza kazi Novemba 2024." Basi. Usiandike "kimeibwa". Hujui kama kimeibwa. Inawezekana hakikufungwa kamwe, au kilihamishiwa kisima kingine kwa barua ambayo hujaiona. Neno "kimeibwa" linamtuhumu mtu, na likithibitika si kweli litaiangusha ripoti nzima pamoja na mambo yote ya kweli yaliyomo.

Hapa ndipo ninapotaka kila mwandishi wa ripoti awe mkali kwa nafsi yake. Kuna nilichokiona, kuna nilichoambiwa, kuna ninachofikiri. Vitu hivi vitatu vikichanganywa kwenye aya moja, msomaji hana njia ya kuvitenganisha tena. Matundu manne ya skrubu nimeyaona. Novemba 2024 nimeambiwa, na nimesema nani kaniambia. Kwamba kifaa pengine kiliwahi kufungwa kikatolewa, hilo ninalifikiri kwa sababu ya matundu, na kama nitaliandika, litakaa chini ya kichwa chake chenye maneno "Maoni ya mwandishi".

Tanzania ina mfano mkubwa wa kutenganisha namna hiyo. Mwaka 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kukusanya maoni kuhusu mfumo wa chama kimoja au vyama vingi. Takribani asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume iliyasema hayo wazi, haikuzipunguza namba ili zifanane na inachokiamini. Kisha, mahali pake, ikatoa pendekezo kwamba nchi iingie kwenye vyama vingi, pamoja na sababu zake. Mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Mtu anaweza kukubaliana na pendekezo lile au kulipinga, kwa kuwa aliwekewa mezani kilichokusanywa na kilichopendekezwa, kila kimoja peke yake.

Kwenye taarifa ile nimeandika "saa 5:20 asubuhi", si saa 5:20 tu, kwa kuwa kwetu sisi saa ni mtego. "Ajali ilitokea saa 2." Ya asubuhi au ya usiku? Na kama kompyuta ya mashine imeandika 02:00, hiyo kwa Kiswahili ni saa 8 usiku. Katika ripoti ya tukio, iwe ni mfanyakazi aliyeumia, moto ghalani au dawa iliyotolewa kimakosa, tofauti ya saa sita inaweza kubadilisha nani alikuwa zamu. Andika saa pamoja na sehemu ya siku, na kama umechukua muda kutoka kwenye mashine, nukuu ulivyo kisha weka kando yake wa Kiswahili: 14:10, yaani saa 8:10 mchana. Ripoti ya tukio ifuate mfululizo wa saa tangu mwanzo hadi mwisho, itaje waliokuwepo, na iandikwe siku hiyo hiyo kabla watu hawajaanza kukubaliana kumbukumbu. Kwa ajali za kazini, kumbuka kwamba itasomwa pia nje ya ofisi yako: kwa Tanzania, OSHA wanaoangalia usalama na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wanaoangalia haki ya aliyeumia. Sentensi moja uliyoiacha kwa haraka inaweza kuchelewesha fidia ya mtu aliyepoteza kidole.

Kuna vitenzi vinavyoficha watu. "Imebainika", "ilikubaliwa", "hatua zimechukuliwa", "suala linafanyiwa kazi". Nani alibaini? Nani alikubali, kwenye kikao gani? Hatua ipi? Kiswahili kinatupa urahisi wa kuandika ukurasa mzima wenye kazi nyingi lakini mtu hata mmoja hayumo, na ofisi zetu zimeupenda urahisi huo. Pitia rasimu yako, kila ukikutana na kitenzi cha namna hiyo jiulize mtendaji ni nani. Ukimjua, mtaje kwa cheo chake na umwekee tarehe. "Mhandisi wa wilaya atanunua kifaa kabla ya tarehe 21 Machi" ni sentensi ambayo mtu anaweza kuifuatilia. Neno "changamoto" nalo limebebeshwa mizigo isiyo yake. Gari bovu changamoto, fedha zilizopotea changamoto, mvua changamoto. Sema gari limeharibika, sema shilingi 1,200,000 hazina stakabadhi, sema mvua ilikata barabara kwa siku sita.

Takwimu zinahitaji uangalifu wa aina yake. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga Challenger cha Marekani kilivunjika muda mfupi baada ya kuruka, watu 7 wakafa. Chanzo kilikuwa pete za mpira kwenye maungio ya roketi ya pembeni, zilizoshindwa kuziba kwa sababu ya baridi. Usiku wa kuamkia siku hiyo wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi walionya, na walikuwa na kumbukumbu za safari zilizotangulia. Lakini mjadala ulijikita kwenye safari zilizopata hitilafu peke yake, na ukizitazama hizo tu, hitilafu ilitokea kwenye baridi na kwenye joto pia, kwa hiyo baridi haikuonekana kuwa na kosa. Tume ya uchunguzi ilipoziweka safari zote 24 pamoja, hata zile zisizo na hitilafu, picha ikawa nyingine: kati ya safari 20 ambazo maungio yalikuwa na nyuzi 66 za Farenhaiti au zaidi, 3 tu zilipata hitilafu, safari 4 za nyuzi 63 au chini, zote 4 zilipata. Taarifa ile ilikuwepo usiku ule. Haikupangwa kwa namna ambayo msomaji mwenye haraka angeiona.

Kwa hiyo ukiripoti pampu 5 zilizoungua wilayani, ripoti pia zisizoungua, na useme zipi zina kifaa cha kulinda mota na zipi hazina. Jedwali dogo la mistari miwili linaweza kushinda kurasa kumi za maelezo. Asilimia usiitoe bila idadi iliyoizaa: "asilimia 50 ya mashine" inaweza kuwa mashine moja kati ya mbili. Na kila tarakimu iwe na kitu cha kulinganishwa nacho, iwe ni lengo, mwezi uliopita au kituo jirani, maana "wagonjwa 412" peke yake haimwambii mtu kama afurahi au aongeze wauguzi.

Ripoti ya safari na ya mafunzo nazipita haraka: ulichokuta, kinachotakiwa kufanywa na nani, stakabadhi nyuma. Orodha ya mada zote za semina haimsaidii mtu. Muhtasari wa kikao nao uishie na maazimio, kila azimio lina jina la mhusika na siku ya kukamilisha.

Ukishamaliza, usijisomee mwenyewe tu. Mpe mwenzako wa idara nyingine ukurasa wa kwanza, mwache asome dakika mbili, mchukulie karatasi, muulize: ninaomba nini hapa? Akishindwa kujibu, tatizo haliko kwake. Pia soma kwa sauti; sentensi inayokukata pumzi itamkata na msomaji.

Limebaki jambo moja ambalo miongozo mingi hailigusi. Umepeleka ile ripoti ya kifaa. Mkuu wako anakuita, anafunga mlango, anasema, "Kijana, hii ya kifaa iache, italeta maneno." Utafanyaje?

Kwanza msikilize kweli kweli, kwa sababu huenda anajua usilolijua. Mwulize kwa adabu: "Mkuu, kuna karatasi inayoonyesha kilikwenda wapi? Nikiipata nitaiambatisha." Kama ipo, ripoti yako imekuwa bora na maneno yameisha. Kama haipo, kuna unachoweza kukubali na usichoweza. Akitaka maoni yako yatoke, yatoe. Ni maoni, na yeye ni mkuu wako. Akitaka lugha ipoe, ipoze. Lakini matundu ya skrubu, mstari wa 14 na majina ya waliokuwepo usiyaguse, kwa kuwa hayo ni mambo uliyoyaona na umeyatia saini. Mpendekezee aandike dokezo lake, kwa jina lake, liambatane na ripoti yako kwenye faili lile lile. Afisa anayejiamini hukubali. Hakikisha ripoti imepita masjala na imepewa namba ya folio, ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Usiirushe kwenye kundi la WhatsApp na usimpigie mwandishi wa habari ukiwa na hasira za siku hiyo. Utakuwa umeharibu ushahidi wako na kazi yako kwa pamoja. Mpe mkuu wako wiki mbili za kujibu kwa maandishi. Zikipita kimya, mwandikie mkaguzi wa ndani barua ya ukurasa mmoja, utaje namba ya folio ya ripoti ya kwanza ili azisome zote mbili pamoja.